Ukitaka kuanza ranchi, njoo uione ardhi mwezi wa kumi

"Mama shikamoo, nina fedha ya ng'ombe thelathini, nianzie wapi?" Simu za namna hii napata nyingi, hasa kutoka kwa vijana walio Dar es Salaam wenye kazi zao nzuri. Jibu langu ni moja: marahaba mwanangu, fedha ya ng'ombe iache benki, panda basi uje Kongwa mwezi wa kumi.

Machi kila ardhi ya huku ni nzuri. Nyasi ziko kiunoni, mabwawa yamejaa, ndama wanarukaruka. Dalali wa mashamba analijua hilo kuliko wewe, ndiyo maana anakuita Machi. Oktoba hakuna wa kukudanganya. Nyasi zilizobaki ndizo zilizopo kweli, na kisima chenye maji siku hiyo ndicho kisima. Nimestaafu uafisa mifugo, sasa nafuga zebu, ng'ombe wetu wa nundu, na chotara wa aina za Boran na Mpwapwa, na ninayoyaandika hapa ni ya uwanda wa kati: Dodoma, Singida na majirani zao, kwenye kifuku kimoja kwa mwaka. Tunapata milimita 500 hivi za mvua, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha jua mpaka Novemba. Aliyeko Kagera, kwenye mvua mbili, ana hesabu nyingine.

Ukifika shambani Oktoba usibaki kwenye gari. Tembea mpaka katikati, inama, ng'oa shina la nyasi. Ukikuta mashina mazito yenye mizizi iliyoshika udongo, hizo ni nyasi za kudumu, zitachipua mvua ya kwanza. Ukikuta vumbi tupu na mabua mepesi yanayong'oka kwa vidole viwili, pale paliota nyasi za msimu tu, na huenda pamelishwa kupita kiasi kwa miaka. Angalia mchwa pia: mwezi huo wanaweza kumaliza nyasi kavu ulizokuwa unazihesabia ng'ombe. Halafu tafuta kinyesi. Shamba analokuambia muuzaji kuwa halijaguswa, likiwa na kinyesi kibichi cha ng'ombe na mbuzi, lina wenyewe. Uliza ni mifugo ya nani na inapita kwenda wapi kunywa maji. Ukifunga mapito ya watu kwa senyenge lako jipya, ugomvi umeununua pamoja na ardhi.

Ardhi yenyewe

Kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kukodi kitalu katika ranchi za taifa zilizo chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, kama Kongwa, Ruvu, Mzeri kule Handeni au Kalambo, pale vitalu vinapotangazwa. Ya pili ni ardhi ya kijiji, kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: unaomba serikali ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, na kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo ngazi za juu zinavyoingia. Ya tatu ni kununua kwa mtu mwenye hati. Njia yoyote ile, kaombe kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, kama upo. Eneo lililotengwa kwa kilimo au msitu usilichukue kwa ahadi ya mwenyekiti kwamba "tutaongea". Mwenyekiti atabadilishwa kwenye uchaguzi na wewe utabaki na ng'ombe kwenye mashamba ya watu.

Ardhi ya Kongwa ina somo lake kwa kila mwenye haraka. Waingereza walikuja hapa mwaka 1947 na matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mwaka 1951 mradi ukazikwa. Mashine zilivunjika, mvua ilikuwa haba, na udongo wetu mwekundu ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hazichimbuki. Baadaye ardhi hiyohiyo ikawa ranchi, na nyasi zinaota mpaka leo.

Ng'ombe wangapi?

Hapa ndipo wengi hukisia, na hakuna haja ya kukisia. Tengeneza fremu ya mraba ya nondo au mbao, mita moja kwa mita moja. Mwisho wa Aprili, kabla mifugo haijaingia, itupe ovyo sehemu kumi tofauti za shamba, nzuri na mbaya. Kila inapoangukia, kata nyasi zote za ndani kwa mundu, karibu na ardhi. Zianike mpaka zivunjike mkononi, pima kwa gramu, tafuta wastani. Zidisha kwa 10, umepata kilo za nyasi kavu kwa hekta.

Tuseme umepata gramu 150. Hizo ni kilo 1,500 kwa hekta. Nusu iache ardhini, usiiguse hata kwa mawazo: ndiyo inayolinda udongo na kuchipua mwakani. Imebaki 750. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu kilo 2,200 kwa mwaka. Gawanya: hekta 3 kwa kichwa kimoja. Kwa hiyo ekari 150, ambazo ni kama hekta 60, zinabeba ng'ombe 20. Na huo ni mwaka wa kawaida. Mwaka mbaya fremu ikikupa gramu 80, shamba hilohilo linabeba 11. Kijana wa ng'ombe thelathini alikuwa ameshaweka oda ya senyenge ya ekari 50.

Najua utaambiwa kuna mtu ana ng'ombe mia kwenye ekari hizo. Waulize wanalala wapi na wanakula wapi. Wanakula kwa jirani. Kondoa, hapa hapa mkoani kwetu, mifugo ilizidi ardhi mpaka vilima vikachanika makorongo, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Yote.

Shamba ligawe angalau pande tatu, na moja ulifunge kuanzia Januari mpaka katikati ya kiangazi. Wasukuma wanaita ngitili, Wamaasai wana alalili kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Huu si uvumbuzi wa semina. Upande huo uzungushie njia ya kuzuia moto kabla ya Julai, palilia mpaka udongo mtupu uonekane kwa upana wa barabara, maana anayewinda panya au kurina asali kwa moto hatakuuliza kama una akiba. Na ongea mapema na wakulima jirani kuhusu mabua. Baada ya mavuno ya mtama na mahindi, wengi watakukubalia ng'ombe walale mashambani mwao wiki mbili tatu, nao wanabaki na samadi. Andikishaneni tarehe za kuingia na kutoka, shahidi awe mtendaji wa kijiji.

Maji

Ng'ombe 20 kwenye jua la kiangazi wanahitaji kama lita 800 kwa siku. Mei hadi Novemba ni lita 170,000 hivi. Inaonekana ndogo, unachimba lambo la mita 20 kwa 20 unafurahi. Sasa hesabu jua: lambo hilo likishuka mita moja tu ya kina kwa kukauka, na huku linashuka zaidi ya hapo, zimepotea lita 400,000. Jua limekunywa zaidi ya mara mbili ya ng'ombe. Ndiyo maana lambo linachimbwa kwa kina, lisitanuliwe, na chini liwe na mfinyanzi wa kutosha. Kama chini ni mchanga, tafuta mahali pengine. Zungushia miiba, ng'ombe wasiingie na miguu yao kulitibua na kulichafua. Maji yavutwe kwa pampu au ndoo mpaka kwenye birika la kunyweshea lililo nje.

Kisima kirefu ni kizuri ukiwa na fedha, lakini Dodoma maji mengi ya chini yana chumvi. Pima kabla hujalipia pampu. Mimi mchungaji wangu aliyaonja tu, akatema, akasema, "Mama, haya hata mbuzi watakuuliza." Maabara ilikubaliana naye.

Mchungaji huyu nilimwajiri kabla ya kununua hata ndama. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Mtafute mtu mzima aliyekulia na ng'ombe, Mgogo, Mmaasai, Mtaturu, yeyote, mzunguke naye shamba lote, akuonyeshe majani yanayoua, vichaka vya mbung'o, na fisi wanapotokea. Mlipe mshahara wa kueleweka kila mwezi, mkataba wa maandishi, na mtamba mmoja kila mwaka akikaa vizuri. Mtu mwenye ng'ombe wake ndani ya kundi halali usingizi mzito. Ukimlipa kidogo ukategemea kamera, utaona kwa kamera ng'ombe wakiondoka.

Ujenzi wa mwanzo usiwe wa kifahari. Zizi la magogo na miiba ya mgunga linatosha. Kitu cha kutumia fedha ni njia nyembamba ya mbao nene ya kubania ng'ombe, upana wa sentimita 70 hivi kwa zebu, ili uweze kuchanja, kuvisha hereni na kunyunyizia dawa bila kuvunjwa mbavu.

Mwaka wa kwanza, madume

Huu ni ushauri wangu na wapo wasioupenda. Mgeni asianze na majike. Nunua madume au maksai wachache, nusu ya idadi ambayo fremu imekupa, Januari nyasi zikishafika ugoko. Uwalishe kifuku chote, uwauze Juni kabla ardhi haijakauka. Zebu kwenye nyasi nzuri akiongeza nusu kilo kwa siku amefanya kazi yake. Utajifunza shamba lako, kupe wako, majirani zako na mchungaji wako, na ukikosea kitu chochote, hujapoteza ukoo wa miaka mitano. Kiangazi cha kwanza utakipita huna mzigo.

Mnadani nenda mapema na mtu anayejua, lakini asiwe dalali. Fungua mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, unahesabu ya chini: jozi moja ya meno makubwa, ana miaka kama miwili, jozi mbili, anaelekea mitatu, mdomo ukijaa jozi nne, ni mtu mzima, miaka minne na zaidi. Nataka wa jozi moja au mbili, mwenye mwili mrefu hata kama mbavu zinaonekana. Mwembamba kwa njaa ananenepa. Mwembamba kwa ugonjwa anakohoa, manyoya yamesimama, macho yana tongo, kinyesi kimemchafua mkia. Mtembeze. Anayebaki nyuma ya wenzake kila mara, mwache abaki na mwenyewe. Beba utepe wa kupimia kifua ili ujue kilo kwa kukadiria, maana wanunuzi wazoefu wanapima kwa macho na wewe macho hayo bado huna.

Usiondoke bila risiti ya mnada na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo. Barabarani watakusimamisha, na wana haki. Ukifika, sajili na vishe hereni. Sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010. Piga chapa pia. Hereni inakatwa kwa kisu, chapa inabaki kwenye ngozi.

Wageni wakae peke yao mwezi mzima, maji yao na malisho yao. Homa ya mapafu inaweza kujificha zaidi ya hapo, lakini mwezi utakuonyesha mengi. Wachanje homa ya mapafu, chambavu na kimeta kwa ratiba ya wilaya, wape dawa ya minyoo. Chambavu huwapenda walionona wenye umri chini ya miaka miwili. Unamkuta dume wako bora asubuhi amekufa, paja limevimba, ukiligusa linatoa mlio wa mapovu. Usimchune kumgawia mtu nyama. Kama kuna damu inayotoka puani au nyuma na haigandi, fikiria kimeta, usimpasue kabisa, mpigie afisa mifugo.

Kupe ndio watakaokula faida yako. Yule wa kahawia anayekaa ndani ya sikio analeta ndigana kali, na ndigana kali inaua hasa ndama na chotara, pamoja na ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe wengi. Dalili: tezi chini ya sikio imevimba, homa kali, hataki kula, mwishoni anapumua kwa shida na mapovu puani. Kuogesha ni kila wiki wakati wa mvua, kwa josho kama kijiji kinalo, la sivyo kwa bomba la mgongoni. Ndani ya sikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele. Mgongo pekee ni kuwaosha tu. Dawa ichanganye kama karatasi yake inavyosema. Anayeizimua ili imtoshe mwezi anafundisha kupe kuizoea.

Na hili naomba nilisemee kwa ukali kidogo. Vijijini kila ng'ombe akilegea anachomwa OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Ndigana kali iliyokwisha kumshika ng'ombe haitibiwi kwa OTC. Dawa yake ni buparvakwoni, na inafaa ikiwahi, siku ya kwanza ya homa na tezi, si mapovu yakishatoka. Bora zaidi ni chanjo ya ndigana kali: ndama wa mwezi mmoja na kuendelea anachomwa mara moja, pamoja na OTC ya kudumu muda mrefu wakati huohuo, na kinga humkaa kwa miaka mingi. Inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni na huchomwa na mtaalamu aliyefunzwa. Ikishayeyushwa inatumika siku hiyohiyo na inatosha ng'ombe wengi, kwa hiyo jiungeni majirani mmuite pamoja. Bado utaogesha, kwa sababu ndigana baridi na moyo maji navyo vinaletwa na kupe na chanjo hii haivigusi.

Majike

Baada ya kuuza madume ya kwanza na kuona Oktoba ya pili, sasa nunua mitamba. Majike wa zebu wa hapahapa, wanaojua kutembea na kulala na kiu, halafu dume la Boran au la Mpwapwa. Mpwapwa ni ng'ombe aliyetengenezwa kwenye kituo cha utafiti kule Mpwapwa, ndani yake mna damu ya Sahiwal na Red Sindhi wa Asia pamoja na zebu wetu na wengine. Ana maziwa kuliko Boran. Boran ana nyama. Mwenye kukuuzia chotara wa Friesian kwa ajili ya kuchunga porini mwambie asante.

Kabla ya kulipa, damu ya mitamba na ya dume ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Unaambukiza watu pia kwa maziwa mabichi, kwa hiyo chemsha hata kama mchungaji anacheka.

Dume mmoja anatosha majike 20 hadi 25. Usimwache nao mwaka mzima. Mwingize Machi mosi, mtoe katikati ya Mei, akae na maksai upande mwingine. Mimba ni siku 283 hivi, kwa hiyo ndama wa kwanza wanadondoka wiki ya pili ya Desemba na wa mwisho Februari, nyasi mbichi zikiwa tayari kwa mama anayenyonyesha. Anayezaliwa Agosti anakuta kiwele kikavu. Na katika mpango wako wa fedha usiandike kwamba kila jike atazaa kila mwaka. Mimi huandika sita kati ya kumi, wakizidi ni heri. Ndama wakifika miezi minane, waachishe kunyonya.

Kila mwisho wa Aprili rudi na fremu. Nyasi zilizopo, toa nusu, gawanya kwa kilo 6, gawanya tena kwa siku zilizobaki mpaka Desemba, umepata vichwa unavyoruhusiwa kuingia navyo kiangazi. Waliozidi wanaondoka kabla ya mwisho wa Juni wakiwa bado wana mwili: kwanza majike ambao hawakushika mimba, kisha wazee wa meno, kisha maksai walioiva. Unaotaka kuwanenepesha, wachache tu, wafungie miezi mitatu kwa mashudu ya alizeti, pumba na molasi, ila piga bei ya mashudu kwanza. Singida na Dodoma yanashuka baada ya mavuno, yanapanda kuelekea mwisho wa mwaka. Piga simu minada ya Kizota, Dodoma, na Pugu, Dar es Salaam, siku moja kabla ya kuuza. Pugu bei iko juu, lakini toa lori, toa ushuru, toa kilo wanazopoteza njiani, ndipo ulinganishe.